Kunja Vidole Tuone

Mkono ninaoandikia haya una kidole kimoja kisichokubali kukunjika. Mwalimu wa elimu ya watu wazima alipotugawia kalamu kwa mara ya kwanza, aliniambia niishike vizuri. Nikamwambia, mwalimu, vizuri yangu inaishia hapa. Darasa zima lilicheka na mimi nikacheka nao. Nimejifunza kuandika hivyo hivyo, na herufi zangu zote zinalala upande mmoja.

Ninamwandikia yule ambaye leo ameumia kidole, na mtu amesimama mbele yake anamwambia, "Kunja tuone." Ukikikunja atasema hakijavunjika. Huo ni uongo, usiupokee hata ukitoka kwa mtu unayemheshimu. Mimi niliupokea msimu mzima wa mvua, na nusura uninyang'anye mkono na mtoto.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka ya hamsini, katika vilima vya Tarime. Nilikuwa mke wa mwanamke. Msomaji wa mbali asianze kufikiria mambo yake. Kwetu Ukurya hilo halishangazi mtu. Nyangi alikuwa mjane. Alizaa mabinti watupu, wote wakaolewa, na ng'ombe wa mahari zao wakajaa zizini bila mtoto wa kiume wa kuwarithi. Mwanamke wa namna hiyo hakubali boma lake life. Anatoa ng'ombe, anaoa msichana, msichana anazaa na mwanaume aliyekubaliwa, na watoto wanakuwa wa nyumba ile. Tunaiita nyumba ntobhu. Msichana aliyeolewa na Nyangi ndiye mimi, Bhoke. Nilimwita mama. Yeye aliniita Bhoke akiwa ametulia na "wewe" akiwa hajatulia, na kutulia hakukuwa kawaida yake.

Nilimzalia mtoto wa kiume, Mwita. Mwanaume niliyemzaa naye alikuja akaondoka, hana nafasi katika habari hii. Mwita anayo. Ng'ombe walitoka kwa Nyangi, kwa hiyo mtoto alikuwa wa Nyangi. Mimi ningefukuzwa, ningeondoka na nguo niliyovaa, na Mwita angebaki. Nyangi hakuwa mtu wa kukuacha usahau jambo hilo.

Zizi letu halikuwa na mlango. Lilifungwa kwa magogo mazito yaliyopitishwa katikati ya nguzo, moja juu ya jingine, kila jioni ng'ombe wakiingia. Jioni hiyo mvua ilikuwa inanyesha, fisi walishaanza kulia mapema upande wa bondeni, na mtamba mmoja alikuwa akisukuma kutoka. Mimi nilishika ncha ya gogo kuliongoza kwenye nguzo, Nyangi alikuwa ncha ya pili.

"Ngoja, mama," nilisema.

Alisukuma. Gogo lilibana vidole viwili vya mkono wangu wa kulia kwenye nguzo, cha kati na jirani yake wa upande wa kidole kidogo. Nilisikia vinavunjika. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo tu, na mvua ikaifunika. Mpaka leo sijui kama aliuona mkono wangu. Siku nikiamka vizuri nasema hakuuona.

Sikulia. Hapa lazima nieleze, maana ndipo balaa lote lilipoanzia. Siku hizo wasichana wa Kikurya tulitahiriwa, na siku ya kisu kina mama hawakutazama kisu, walitazama uso. Ukikunja uso kidogo tu, unaimbwa nyimbo za kejeli mpaka unapata wajukuu. Uso wangu haukutikisika. Nilishangiliwa, nikavishwa shanga, na sifa hiyo ndiyo iliyomleta Nyangi kwa baba yangu na ng'ombe wake. Alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu wangu ni jiwe," na mimi mjinga nilikuwa nafurahi.

Sasa alinishika mkono mbele ya zizi, maji yakitutiririka wote wawili, akautazama uso wangu.

"Kunja tuone."

Nilikunja. Havikufika mwisho, lakini vilikunjika.

"Havijavunjika. Kilichovunjika hakiendi. Kafukize vibuyu, ndama wanalia."

Nilienda kufukiza vibuyu vya maziwa.

Asubuhi mkono ulikuwa umejaa mpaka kwenye kifundo cha mkono. Vidole viwili vilikuwa vyeusi kuelekea zambarau, ngozi imevutika inang'aa, na ukucha wa kati ulikuwa na damu chini yake. Nilipojaribu kufumba ngumi, cha kati kilipanda juu ya mwenzake na kukaa hapo. Ishike hiyo, wewe unayesoma. Vidole vizima vikifumbwa vinalala sambamba. Kimoja kikimpanda mwenzake, mfupa umevunjika na umegeuka, hata kama kinakwenda, hata kama mwenye nacho anaongea na wewe vizuri kabisa. Ningeijua ishara hiyo asubuhi ile, nisingekuwa na la kuandika leo.

Nilikamua kwa mkono wa kushoto na gumba la kulia. Ng'ombe wanajua. Yule mwekundu, aliyekuwa mgumu hata kwa mkono mzima, alinipiga teke akamwaga kibuyu. Nilisaga ulezi kwa kusukuma jiwe na kisigino cha kiganja. Usiku nililala mkono nimeuinua ukutani, maana ukishuka chini ulikuwa unagonga kama mtu anatwanga ndani yake. Mwita alikuwa bado ananyonya. Alianza kusema siku hizo, na neno alilokuwa nalo ni "mama" tu, analitumia kwa kila kitu, kwangu, kwa maziwa, kwa ndama.

Baada ya siku kadhaa Nyangi alinipeleka dispensari, si kwa huruma. Maziwa yalikuwa yamepungua.

Tuliketi kwenye benchi tangu umande haujakauka. Waliotangulia waliingia, na waliochelewa lakini wanajuana na mlinzi waliingia. Dresa, yule wa kufunga vidonda na kugawa dawa, alikuwa kijana wa koti jeupe, si mwenyeji wa kwetu. Aliminya vidole vyangu huku macho yake yako usoni kwangu.

"Inauma?"

"Inauma," nilisema, kwa sauti ile ile ambayo ningesema maji yamechemka.

Akaminya tena, kwa nguvu. Nilitazama chupa zake rafuni. Jasho lilinitiririka mgongoni, lakini mgongo ulikuwa umefunikwa.

"Mama," akamwambia Nyangi, "ingekuwa imevunjika huyu angeruka mpaka darini. Ni mteguko tu. Mchue na dawa hii kila jioni. Chua kwa nguvu, damu itembee."

Nyangi hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Kila jioni baada ya kukamua alinikalisha kwenye kigoda, akamimina dawa yenye harufu kali, akachua. Alikuwa na mikono ya kukata kuni. Mifupa ilikuwa inasagana na mimi naisikia. Alichua akinitazama usoni, na mimi nilimtazama yeye, na hakuna kati yetu aliyekubali kuwa wa kwanza kutazama pembeni. Nilimchukia sana jioni hizo. Nadhani nilijipenda pia, kwa kuweza. Huo ndio upumbavu ninaotaka uuogope.

Mvua zilipungua, ulezi ukaanza kukomaa. Uvimbe ulishuka, na kwa kuwa ulishuka kila mtu alisema nimepona. Kumbe mifupa ilikuwa inaungana inavyotaka yenyewe. Kidole cha kati kilikaa kimepinda upande, cha pili kimefupika, na vyote viwili havikushika kitu. Siku moja kibuyu cha maziwa ya mgando kilinitoka mkononi kikapasuka mlangoni, mbele ya mashemeji wawili wa Nyangi waliokuja kutembea.

Nyangi hakupiga kelele. Aliwaambia wageni, "Ulezi ukiisha kuvunwa nitamrudisha kwao. Nilitoa ng'ombe nipate mtu, sikutoa nilishe mkono mmoja." Halafu akamwinua Mwita, akampangusa maziwa miguuni, akamwambia, "Wewe hutakwenda popote."

Wageni walitikisa vichwa kukubali. Ndiyo ilikuwa haki, na mimi niliijua.

Nyangi alipokwenda msibani ng'ambo ya mto, nilimfunga Mwita mgongoni nikarudi dispensari peke yangu. Benchi lilikuwa limejaa, na wawili kati ya kina mama walikuwa wa kijiji chetu. Kulikuwa na mama mmoja Mjaluo mwenye jipu pajani. Alikuwa akilia, anamwita Mungu, anamwita marehemu mume wake, mpaka dresa mwenyewe akatoka kumchukua akawaruka watu wote. Alipotoka amefungwa bandeji, alikuja kukaa karibu nami kupumzika. Hakuwa na chozi hata moja.

"Dada, wewe unaumwa nini?"

Nilimwonyesha. Akaushika mkono wangu polepole, akaugeuza.

"Wuololo! Na umekaa kimya hivi? Yule bwana anasoma midomo, hasomi vidole. Ukiingia, piga kelele."

"Siwezi. Watasikia."

"Si ndiyo maana ya kelele? Huyo mgongoni ni wako?"

"Ni wa nyumba. Nikirudishwa kwetu anabaki."

Akakigusa kisigino cha mtoto. "Basi usilie vidole," akasema. "Lia huyo."

Nilipoingia, dresa alinikumbuka. "Jiwe limerudi," alisema, akacheka, akashika vidole na kuminya. "Inauma?"

Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Nilikuwa sijawahi kulifanya jambo hilo tangu utotoni na sikujua linaanzia wapi. Halafu nikasikia mguu wa Mwita unanigonga ubavuni, na sauti ikatoka. Ilikuwa mbaya. Mwita aliamka naye akalia. Dresa aliuachia mkono akarudi nyuma hatua nzima. Huko nje mmoja wa wale wa kwetu akasema kwa sauti, "Ni mke wa Nyangi! Analilia kidole!" Wakacheka, nami niliwasikia wote.

"Fumba ngumi," dresa alisema. Sasa alikuwa anatazama vidole. "Kinapanda. Hivi vilivunjika zamani." Akakasirika, tena akanikasirikia mimi. "Kwa nini hukusema?"

Nilikuwa nimesema. Nilisema "inauma" siku ile ya kwanza, waziwazi, kwa Kiswahili chake.

Aliagiza nipelekwe hospitali ya misheni kwa lori litakalotoka siku ya mnada. Nilipofika nyumbani habari ilishafika. Nyangi alikuwa amerudi msibani, amekaa mlangoni.

"Nilioa uso," alisema. "Sasa huo uso nao umekwisha."

Siku ya lori alinisindikiza mpaka mnadani. Nikadhani ameona haya. Lori lilipowashwa alikuja nyuma yangu, akafungua fundo la nguo kifuani kwangu kwa mikono yake, na mimi kwa mkono mmoja nisingeweza kumzuia. Alimchukua Mwita kutoka mgongoni.

"Nenda na mkono wako. Huyu amekwisha acha ziwa leo."

Nililia tena, mbele ya mnada mzima, na safari hii sikufundishwa na mtu. Lori liliondoka. Maziwa yalinivuja kifuani mpaka hospitali.

Huko nilikutana na Sista mmoja mzungu, mzee, mwenye Kiswahili cha kwenye kitabu. Alisema mifupa imeunga vibaya na itabidi ivunjwe upya. Niliwekewa kitambaa puani chenye dawa tamu ya kichefuchefu, na nilipoamka vidole vilikuwa vimefungwa kwenye vibao. Maumivu ya kuvunjwa na watu wema ni yale yale, sitakudanganya. Lakini Sista alikuja jioni, akakaa kitandani, akasema, "Lia, Bhoke. Hapa hakuna anayeimba." Sijui nani alimweleza mambo ya nyimbo. Nililia mpaka mwenzangu wa kitanda cha pili akaomba nipumzike kidogo naye apate kulala.

Walipotoa vibao, jua la kiangazi lilikuwa limeshashika. Mkono uliotoka mle haukuwa wangu. Ulikuwa mwembamba, ngozi inabanduka magamba, vinyweleo vimeota vyeusi, na unanuka. Nilitaka kuuficha chini ya shuka. Sista alinipa tonge la ugali uliopoa akaniambia niliminye siku nzima, kila siku, hata nikichukia. Nilichukia. Baadaye niliomba kitambaa kilicholowa, nikawa nakifunga kwenye nguzo ya kitanda na kukikamua, juu kwenda chini. Wagonjwa wengine walinitania, "Leo kitanda kimetoa ngapi?" Kidole kimoja kilirudi kufanya kazi. Kile cha kati kilibaki kimenyooka, na Sista alisema hicho ndicho alichopoteza Nyangi, siyo mimi. Sikumwelewa, ila nilipenda alivyosema.

Nilirudi nyumbani ulezi umeshavunwa na majani ya vilimani yameshachomwa moto. Mwita alikuwa anakimbia uani. Nilipiga magoti.

"Mwita, njoo kwa mama."

Alikimbia kwa Nyangi, akajificha nyuma ya mguu wake. "Mama," akamwambia, akininyooshea kidole, "nani?"

"Ni Bhoke," Nyangi alisema. "Msalimie Bhoke."

Akanisalimia hivyo. Tangu siku hiyo mimi nilikuwa Bhoke kwa mtoto niliyemzaa, na kila nilipomsahihisha Nyangi alinisahihisha mimi.

Jioni ile ile aliwaita mashemeji zake, akaleta kibuyu na ng'ombe mwekundu. "Kamua tuone." Nilimwachia ndama aanze, nikamvuta pembeni, nikakaa. Kidole kigumu kilikaa nje kimenyooka, kinaelekea kwa Nyangi, na vingine vikashika chuchu kama nilivyozoea kushika kile kitambaa. Ng'ombe alininusa, akasimama. Nilikamua mpaka kibuyu kikajaa. Shemeji mkubwa alionja, akasema, "Nyangi, huyu humrudishi." Nyangi alichukua kibuyu akaingia ndani. Nilibaki katika boma hilo, na katika boma hilo hilo nilibaki Bhoke.

Miaka kadhaa ilipita hivyo. Mwita akawa mkubwa wa kuchunga ndama. Siku moja Nyangi alikuwa anamvuta mtamba kwenda kumwogesha dawa, na kamba alikuwa ameizungusha mkononi, kosa ambalo wote tunalifanya na wote tunajua ni kosa. Mtamba alishtuka akakimbia. Kamba ilikaza, ikamburuta mpaka kwenye mawe, na ilipoachia vidole vyake vitatu vilikuwa vimeelekea vinakotaka.

Nilimkuta ameketi chini, uso haujatikisika hata kidogo. Nilikuwa nimeyabeba maneno yale kwa muda mrefu, na nikayasema.

"Kunja tuone."

Alijua ninachofanya. Akakunja, macho yake kwangu. Mimi sikumtazama usoni. Nilitazama vidole, na kimoja kilipanda juu ya mwenzake.

"Vimevunjika, mama. Twende."

Dispensari ilikuwa na dresa mwingine, mtu mzima, mpole. Nyangi aliketi, Mwita akasimama karibu na goti lake. "Shikamoo mama," dresa alisema, akaminya. "Inauma?"

"Kidogo," Nyangi alisema.

"Vinapandana," nikamwambia dresa. "Mwambie afumbe ngumi uone."

"Wewe ndiye mgonjwa?" Akaminya tena, akitafuta usoni kwa Nyangi kitu ambacho hakikuwepo wala kisingekuwepo. "Ni mteguko tu," akasema, na mkono wake ukaenda rafuni. Chupa ilikuwa ile ile, yenye harufu ile ile.

Nikapiga yowe. Nilipiga kwa nguvu zangu zote, nimesimama katikati ya chumba, mkono wangu mzima nikiwa nimeushika kama umeungua. Chupa ilimtoka dresa. Watu wa benchini walijaa mlangoni. Nikapiga la pili, na la tatu, sikujua tena ni la nani, na dresa alinitazama, akamtazama Nyangi, mwishowe akatazama vidole.

Uso wa Nyangi ulikuwa umegeuka majivu kwa aibu. Hakunitazama. Hasira yake ilikuwa kubwa mno hata kunisemesha kulimshinda, akamgeukia Mwita.

"Mwambie mama yako anyamaze."

Mtoto alisimama pale, akamtazama yeye, akanitazama mimi. Kisha akaja akanivuta nguo.

"Mama," alisema, "bibi anasema unyamaze."

Nikanyamaza.